Mpwa wa Mfalme wa Ghana

Kwa miaka kumi na mmoja nilikula ugali kwenye sinia moja na mjomba wangu na mwanawe. Sinia lilikuwa la bati, limepinda upande mmoja, na kila mtu alikuwa na mahali pake: mjomba karibu na mlango, mwanawe mkono wa kulia, mimi pale palipopinda. Sijui nani alinipa mahali pale. Nafikiri nilijipa mwenyewe siku ya kwanza, nikiwa na miaka kumi na mitatu, mama yangu ametoka tu kuzikwa, nikaona haya kukaa pazuri.

Haya ninayaandika nikitazama madaftari yangu ya zamani. Tangu nilipoacha shule darasa la nne nimekuwa nikiandika kidogo kila siku, hata kama ni mstari mmoja: mvua imenyesha, ng'ombe mweusi amezaa. Lakini madaftari hayasemi kila kitu, na kuhusu wiki yenyewe ninayotaka kuieleza yamesema kidogo kuliko wiki nyingine zote. Kwa hiyo pengine nitakosea. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Tulikuwa kwenye shamba la Mzungu mmoja juu Dundori, upande ambao ukungu ukitoka asubuhi unaona ziwa na mabati ya Nakuru kule chini. Kwetu hasa ni magharibi, safari ya siku nzima kwa treni. Watu tuliowakuta pale shambani waliondolewa na serikali mwanzoni mwa Hali ya Hatari. Walipakiwa kwenye malori na kuku wao, na nyumba zao za laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, tukagawiwa sisi. Chumba nilichopewa mimi kilikuwa na mistari ya mkaa ukutani, mmoja juu ya mwingine, mahali mtu alikuwa akipima urefu wa mtoto wake. Mstari wa mwisho ulinifika kiunoni. Sikuufuta hata mmoja. Nilikuwa nalala pale tu. Chakula nilikula kwa mjomba.

Mjomba alikuwa nyapara wa maziwa. Alama ya kazi yake ilikuwa filimbi ya shaba aliyopewa na bwana mkubwa, akaifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Akiipuliza mara moja, wakamuaji wanatoka laini. Akiipuliza mara mbili, ndama wanafunguliwa. Ng'ombe waliielewa kuliko watu; wengine walianza kuteremsha maziwa kabla hujawagusa, kwa kuisikia tu.

Mwaka ule wa hamsini na saba vidole vyake vilikuwa vimekwisha. Mtu akiosha viwele kwa maji baridi ya Dundori maisha yake yote, vidole vinavimba kwenye viungo, halafu vinakataa kunyooka. Alishika kikombe cha chai kwa viganja viwili. Bwana mkubwa akamwambia, "Mvua za mwaka huu zikiisha utaenda kwenu kupumzika. Lakini kwanza niletee jina la mtu wa kushika filimbi. Nitamchukua yule utakayemtaja wewe."

Majina yalikuwa mawili na laini nzima iliyajua: mwanawe, na mimi.

Nataka niwe wa haki hapa. Mwanawe alikuwa ananishinda kwa ng'ombe. Yule ng'ombe mkali aliyemvunja mtu jino kwa teke, yeye alimkamua akiimba, kichwa amekiegemeza ubavuni kwake kama mtu anayesinzia. Mimi nilikuwa karani wa kitabu cha maziwa: napima ndoo ya kila ng'ombe, naandika. Niliweza kusoma karatasi za dawa, hata zile za Kiingereza kidogo. Siku moja nilichora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja nikaandika mambo anayoyaweza yeye, upande mwingine yangu. Upande wake ulikuwa mrefu. Nikaichana ile karatasi, na hilo pia nalisema.

Niliitaka filimbi ile. Sikumwambia mtu. Mwenzangu, hata akiikosa, alikuwa na baba, na shamba la baba kule nyumbani, na mama ambaye akimwita anaitika kwa sauti ya kulalamika jinsi watoto wanavyowaitika mama zao. Mimi nilikuwa nakaa kwa watu. Hakuna aliyeniambia hivyo hata siku moja. Mke wa mjomba nilimwita mama, naye akaitika. Lakini mtoto wa dada akikohoa usiku anajiuliza kama amesumbua. Niliona kwamba mtu akiwa na filimbi shingoni, haulizwi tena alifikaje pale.

Mwezi wa tatu redio ya Mhindi wa dukani ilisema nchi ya Gold Coast imepata uhuru na sasa inaitwa Ghana. Hatukujua ni nini. Jumapili baada ya ibada mwalimu wa shule ya shambani alikuwa akitufundisha sisi watu wazima kusoma, kwenye chumba cha mbao chenye madawati ya watoto, magoti yetu yakigusa kidevu. Tukamwuliza. Akafurahi sana, akafunga kitabu cha kusoma, akasema hilo ni jina la zamani. Zamani za karibu miaka mia tisa kulikuwa na mfalme mkubwa huko magharibi ya Afrika, mwenye dhahabu, na nchi yake waliiita Ghana. Akatueleza habari zake kwa muda mrefu. Halafu akasema kwamba mfalme yule akifa, aliyekalia kiti hakuwa mtoto wake. Alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada.

Nikanyoosha mkono nikauliza kwa nini. Akanieleza sababu.

Daftari langu la Jumapili ile limeandikwa hivi, sina cha kuongeza: "Mwalimu. Ghana ya kale. Mpwa ndiye mrithi. Sababu, nimeuliza mara mbili."

Nilikaa na habari ile wiki nzima. Niliibeba kwenye zizi, nikaibeba kwenye mizani. Nikipima maziwa naona kiti cha dhahabu.

Jumapili iliyofuata, saa kumi hivi, tulikuwa kwa mjomba tunakula. Ugali, kunde, na maziwa ya mgando. Tulikuwa watatu kwenye sinia, na wa nne alikuwa mkamuaji wa nyumba ya jirani, mtu wa mzaha, ambaye alikuwa na kipaji cha kupita karibu wakati ugali unageuzwa. Yeye alipewa sahani yake, kama mgeni yeyote: sahani nyeupe ya bati yenye mzingo wa bluu, ambayo mke wa mjomba aliiweka juu kabisa ya rafu na kuiteremsha kwa ajili ya mhubiri na watu wa nje. Mke wa mjomba alikaa kwake karibu na moto, na bakuli lake mapajani.

"Karani," akasema yule jirani, "wewe ndiye unayekaa mbele kwa mwalimu. Hii Ghana ya redio ni kitu gani? Mimi nilidhani ni dawa ya kupe."

Tukacheka. Nikaanza kueleza. Mimi si mtu wa kusimulia. Nikianza kusema watu hutazama pembeni. Lakini siku ile walinitazama. Nikawaambia habari ya mfalme aliyekaa chini ya hema, na mbwa waliolinda mlango wake wakiwa wamevaa mikufu ya dhahabu na kengele.

"Mbwa?"

"Mbwa."

"Basi huyo ni ndugu wa bwana mkubwa wetu kabisa," jirani akasema. "Mbwa wake juzi alipelekwa Nakuru kwa daktari, amekalia kiti cha mbele ndani ya gari. Mimi nilipoumwa tumbo nikaambiwa ninywe chumvi."

Mjomba alicheka mpaka akaweka tonge chini. Nikaendelea. Nikasema kwamba katika nchi ile nguo ya kushonwa walivaa watu wawili tu, mfalme na mrithi wake. Wengine wote walijifunga vitambaa.

"Na mrithi ni nani?"

"Mpwa wake. Mtoto wa dada yake."

Jirani akanitazama polepole, kuanzia shingoni mpaka magotini. Nilikuwa nimevaa kabuti. Lilikuwa kabuti la zamani la mjomba, la kahawia, alilonipa mwaka uliotangulia kwa sababu karani husimama kwenye upepo mlangoni. Mwanawe alikuwa na blanketi begani, na gunia wakati wa mvua.

"Ala! Mzee, umesikia?" jirani akapiga kelele. "Kumbe ndiyo maana kabuti lako linatembea na huyu!"

Wote walicheka. Mke wa mjomba pia alicheka, akifuta jicho kwa kiganja. Nakumbuka kicheko kile vizuri.

Mwanawe alikuwa bado anatafuna. Akaniuliza tu, bila ubaya wowote, nataka ijulikane hivyo, bila ubaya wowote: "Sasa na mtoto wake mwenyewe je? Kwa nini wasimpe mtoto wake?"

Neno langu la kila siku ni "sijui". Wakamuaji walikuwa wananicheka kwa neno hilo. Mtu akiniuliza kama mvua itanyesha, sijui. Kama maziwa ya jana yalikuwa mengi kuliko ya juzi, sijui, ngoja nitazame kitabu. Ningelisema siku ile, asingeshangaa mtu. Siku ile nilijua.

Nikasema, "Kwa sababu mfalme ana hakika kwamba mtoto wa dada yake ni wa damu yake. Lakini mtoto wa mkewe, hakuna anayejua ila mama mwenyewe."

Lazima nieleze, kwa maana msomaji hakuwapo. Mwaka mwanawe alipozaliwa, mjomba alikuwa kibaruani kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na mkewe alibaki nyumbani magharibi. Mjomba alikuwa akienda na kurudi. Mara ngapi na lini, mimi sijui na si kazi yangu kujua. Lakini mjomba alikuwa mfupi, na mwanawe aliinama mlangoni. Wakamuaji walikuwa na mzaha wao wa siku zote: "Huyu urefu aliuokota wapi?" Mjomba alikuwa akijibu, "Maziwa ya ndama," na mambo yanaishia hapo. Ulikuwa mzaha wa zizini. Haukuwahi kuingia ndani ya nyumba mpaka mimi nilipouingiza, nimeuvisha dhahabu.

Mkono wa mwanawe ulikuwa njiani kwenda kwenye kunde, ukabaki pale juu ya sinia. Jirani akasema amekumbuka kuku wake hajafungiwa, akaondoka na ugali umebaki. Mke wa mjomba akainuka akatia kuni kwenye moto ambao haukuhitaji kuni. Halafu mjomba akasema, "Kuleni, chakula kinapoa," na tukala, na nilisikia sauti ya kila mtu akimeza.

Daftari la siku ile: "Nimewaeleza habari za Ghana." Basi.

Kesho yake baada ya kukamua nilienda kula kama kawaida. Sinia lilikuwa chini, na mjomba na mwanawe wameshakaa. Nilipoinama kuketi pale palipopinda, mke wa mjomba akasema, "Karibu." Alikuwa ameshika ile sahani nyeupe yenye mzingo wa bluu. Ugali wangu ulikuwa ndani, umekatwa vizuri, na mboga yangu pembeni, nyingi kuliko ya wengine. Akaniwekea kigoda.

Katika miaka kumi na mmoja alikuwa hajaniambia karibu. Mtu wa nyumbani hakaribishwi. Nikakaa kwenye kigoda, nikala. Hakunikasirikia. Hakunipa maneno wala kuninyima kitu. Kila siku aliniambia karibu, na nilipomaliza aliniuliza, "Umeshiba?" kwa sauti ile ile ya kumwuliza mhubiri. Kwenye sinia mwanawe alikuwa amesogea kidogo, na mahali palipopinda palikuwa wazi.

Nilivumilia majuma mawili hivi. Halafu nikamwendea mwalimu. Nilikuwa na wazo kwamba labda nilisikia vibaya, kwamba pengine kuna sababu nyingine, nikaipeleke nyumbani kama dawa.

"Mwalimu, nani aliandika ile habari ya mpwa?"

"Mwarabu mmoja wa Hispania, mtu msomi sana."

"Alikaa Ghana miaka mingapi?"

Mwalimu akacheka. "Hakufika. Huyo alikaa kwao tu. Wafanyabiashara walivuka jangwa, wakarudi, yeye akawauliza, akaandika waliyomwambia."

"Sasa ile sababu ya damu?"

"Aliambiwa hivyo. Nani aliisema kwanza, nani ajue? Pengine watu wa Ghana wenyewe walikuwa na sababu yao nyingine kabisa, hawakuulizwa." Akaona jinsi nilivyokaa, akadhani ni kiu ya elimu, akaongeza habari za Mali, ufalme uliokuja baadaye: kwamba huko mara alitawala mtoto, mara ndugu, mara mjukuu aliyezaliwa na binti wa mfalme, na mara moja mtu aliyekuwa mtumwa alikishika kiti, tena akatawala vizuri. "Unaona? Hata wao hawakupata njia moja."

Nilirudi mbio. Mke wa mjomba alikuwa nje akichambua kunde kwenye ungo. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, yule aliyeandika ile habari hakuwahi kufika huko. Aliambiwa tu. Hakuwapo."

Aliendelea kuchambua. Akatupa jani bovu.

"Na wewe," akasema, "hukuwapo."

Halafu akaniuliza kama nimekula.

Mvua zilikuwa zinaisha. Mjomba aliniita asubuhi moja kwenye banda la ndama, wakamuaji wengine wakiwa wameshaondoka na mikebe. Alikuwa anamnywesha ndama mmoja kwa kumpa vidole vyake vilivyopinda anyonye ndani ya ndoo. Alisema vidole vile vilikuwa bado na kazi hiyo moja.

"Bwana mkubwa nilikuwa nimeshampa jina," akasema. "Kabla ya hiyo Ghana yako. Tangu mwezi wa pili."

"Jina gani, mjomba?"

"Lako."

Akaendelea, akimtazama ndama. "Huyu wangu ng'ombe wanampenda, lakini kitabu hakijui, na bwana mkubwa anataka kitabu. Nilikuwa nimepanga niende naye nyumbani, alime. Mama yake alikubali. Yeye ndiye aliyesema, mpe karani, hana kitu kingine."

"Mama alisema hivyo?"

"Alisema. Sasa jana nimerudi kwa bwana mkubwa, nimelitoa. Nimempa la mwanangu."

"Mjomba, mimi sikukusudia."

"Labda." Alilisema kama mtu anayetazama mizani, hana upande. "Lakini fikiri. Nikikupa wewe sasa, laini watasema nini? Watasema mzee amekubali, mzee amefanya kama yule mfalme. Nitakuwa nimemwambia mke wangu mbele ya watu jambo ambalo sijamwambia miaka ishirini ndani ya nyumba. Kwa filimbi?" Akatoa vidole kwenye mdomo wa ndama, akavifuta kwenye suruali. "Yule ni mtoto wangu."

"Ndiyo, mjomba."

"Sikukuuliza."

Nilitoka nikasimama nyuma ya zizi. Ukungu ulikuwa haujatoka. Nilijaribu kuwa wa haki, na haki ilikuwa ngumu. Nilijiambia kwamba sikujua jina lilikuwa limeshatolewa. Lakini hilo halikunisafisha, kwa maana lilionyesha tu kwamba nilipigania kitu ambacho tayari kilikuwa changu. Nilijiambia kwamba niliulizwa swali nikajibu. Kisha nikakumbuka mstari wa daftari: nimeuliza mara mbili. Mtu anayeuliza sababu mara mbili, na akaitunza wiki nzima, alikuwa anaitunzia nini? Hata leo nikijiuliza hivyo, nasikia ndani yangu mtu akisema sijui, wala simwamini.

Mwanawe alipewa filimbi siku ya Jumatatu. Aliifunga kwa kamba ile ile ya kiatu, na kwa sababu ya urefu wake ikakaa juu zaidi kifuani. Lazima niseme alikuwa nyapara mzuri, kuliko ambavyo ningekuwa mimi. Hakumtukana mtu. Maziwa hayakupungua. Kwa kitabu alinitegemea, naye hakuona haya kuniambia, "Hapa pamesemaje?" Aliniita karani. Zamani aliniita ndugu yangu, au alinipigia mluzi tu nikageuka.

Siku moja tukiwa wawili tunaosha ndoo alisema bila kunitazama, "Ulipenda kujua, wewe. Kama mimi ni wake."

"Hapana."

"Mimi sikuwahi kufikiri habari hiyo. Hata wakinicheka urefu. Sasa nikikamua nafikiri." Akaigeuza ndoo akaitazama kitako. "Baba nampenda tu sawasawa. Lakini nafikiri."

Nilitaka kumvulia kabuti nimpe. Nililivua kabisa. Akatikisa kichwa, akasema, "Vaa, karani, kuna upepo," na aliposema hivyo sauti yake ilikuwa ya baba yake kabisa, ile ya chini ya kumalizia maneno. Sikumwambia. Sikuona kama bado nilikuwa na ruhusa ya kusema nani anafanana na nani.

Siku ya mwisho, kabla mjomba na mkewe hawajaenda Nakuru kupanda treni ya kwao, tulikula mchana. Vyombo vingi vilikuwa vimeshafungwa. Nilikuwa nimefikiri, sitaficha, kwamba labda siku ile sahani nayo itakuwa imefungwa, nitarudishwa kwenye sinia kwa kukosa chombo. Nilichelewa makusudi kuipa nafasi hiyo. Nilipoingia, sinia lilikuwa chini, na kigoda mahali pake, na sahani nyeupe juu yake imefunikwa.

"Karibu," akasema mke wa mjomba.

Nikaketi. Walizungumza juu ya lori, na kama kuku watafika hai. Halafu mjomba akanyoosha mkono wake ule uliopinda, akapita juu ya sinia lake, akaja mpaka kwenye sahani yangu, akamega tonge la ugali wangu. Vidole havikushika vizuri, nusu ilianguka. Akachovya kwenye mboga yangu, akala. Mara moja tu. Akarudisha mkono kwenye sinia akaendelea kama si kitu.

Mke wa mjomba aliona. Alikuwa amesimama na birika. Mwanawe pia aliona, akainamisha kichwa. Mke wa mjomba akamimina chai, akaanza na mimi, kama mgeni anavyoanzwa, akatoka nje kuangalia kuku.

Lori liliondoka saa tisa. Mimi na nyapara tulibaki tumesimama barabarani mpaka likapinda, halafu akatazama jua, akapuliza filimbi mara moja, nikaenda kwenye mizani.

Jioni niliingia kwenye nyumba yao kutazama kama kuna kitu wamesahau. Walikuwa wamefagia. Sinia lilikuwa limeondoka. Juu ya rafu, mahali pake pa siku zote, palikuwa na ile sahani nyeupe, imeoshwa, imegeuzwa kifudifudi.

Mke wa mjomba hakuwa mtu wa kusahau chombo. Wala hakuwa mtu wa kutoa zawadi bila kusema. Nimefikiri pande zote mbili kwa miaka mingi. Nilihamia Gilgil mwaka uliofuata, nikiwa karani kwenye shamba jingine, nikaenda nayo. Mzingo wa bluu umetoka sehemu moja. Nakula ndani yake, na kila nikikaa mbele yake nasikia neno lile moja, karibu, na mpaka leo sijajua nilijibu nini.